Mrejesho: Niliyeuliza kuhusu ashwagandha na hamu ya tendo

Wakuu, salaam. Mimi ndiye niliyeuliza kama dawa za Kihindi, hasa ashwagandha, zingenirudishia hamu ya tendo la ndoa iliyopotea tangu nianze vidonge vya presha. Wengi mlisema nipime kwanza. Nimepima.

Sukari safi, testosteroni safi. Daktari alipofika kwenye atenolol, kidonge changu cha presha, akaguna. Dawa za kundi hilo huwapunguzia baadhi ya watu hamu na nguvu. Kanibadilishia, na kanionya nisithubutu kuacha dawa ya presha kienyeji.

Ashwagandha nilishainunua Kisutu, Dar: unga wa mizizi, kijiko kwenye maziwa ya moto na asali. Uchungu ule, jamani, asali haiufichi! Usingizi ulikuja mzuri, silikatai hilo. Hamu? Hakuna kitu, mpaka dawa ya presha ilipobadilishwa. Unga nimeuacha kwa sababu unaweza kushusha presha kupita kiasi ukichanganywa na vidonge, na kuna watu umewaumiza ini.

Muuzaji alining'ang'aniza na bhasma pia. Nikakataa. Hizo ni madini yaliyochomwa, nyingine zina zebaki au risasi. Halafu Ayurveda yenyewe, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, kwenye tawi lake la vajikarana linaloshughulikia mambo haya, inataka mwili usafishwe kabla ya dawa za nguvu. Dukani hayo hayatajwi, unapewa kopo na bei.

Aliyenishauri nibebe dawa zangu zote kwa daktari, asante sana mkuu. Mama watoto naye anakusalimia.