MREJESHO: Vijana wa kiwandani wasiosema kitu kikaoni

Kamwene wakuu. Niliuliza nifanyeje, maana kiwandani kwetu cha mbao hapa Mafinga vijana wanaona msumeno unatetemeka, wanauchuna tu. Sanduku la maoni mlilonishauri limevuna maganda ya karanga.

Kilichosaidia: meneja sasa anaongea wa mwisho kikaoni. Na kwa kuwa sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003 inataka wawakilishi wa usalama, tumewaachia wachague wenyewe. Juzi kibarua mgeni kabisa kazima mashine, kava ya msumeno imelegea. Meneja kanuna, lori limechelewa kupakia, lakini hakukatwa mtu posho. Hiyo ndiyo waliyokuwa wanaisubiri kuiona.

Wazee bado ni “ndiyo bosi” tu. Hao mnawaanzaje?