Tupeane uzoefu: ulipopata jema ukalisema wazi, ilikuwaje?

Habari zenu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Nimelelewa kwamba jambo jema lifungiwe mdomoni, na hata likitimia lisemwe kwa kunong'ona, kijicho kisije kikalikuta. Januari matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti yangu alipata daraja la kwanza. Nikanyamaza. Baada ya wiki 3 shangazi yangu wa Tukuyu akazisikia habari sokoni, tena kwa mtu baki. Akapanda Coaster, akaja na mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Hakunigombeza. Alikaa jikoni, akamwita mtoto, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, kisha akanigeukia: "Kwa hiyo ningekufa wiki iliyopita, ningeondoka sijui mjukuu wangu kafaulu?"

Swali lile linaniuma mpaka leo. Naomba mseme ya kwenu, mazuri na machungu.

Mkulima, Rungwe: Mwaghonile! Nilipanda miche 40 ya parachichi za Hass. Mwaka wa 3 zikazaa, nikauza kreti za kwanza usiku ili jirani asijue. Mnunuzi akanishusha bei, mzigo wenyewe haujazi gari. Msimu uliofuata nikawaita majirani, nikachemsha chai ya maziwa, nikawaambia bila kuficha nimepata shilingi ngapi. Kumbe tulikuwa wanne wenye miche! Tukakusanya pamoja, Fuso ikaja mpaka shambani. Na mmoja wao ndiye aliyenionyesha kuchuma kwa mkasi na kuacha kikonyo kidogo, maana tunda likinyofolewa kikonyo huanza kuoza pale pale juu. Miye nilikuwa nayavuta tu kwa mkono.

Mama, Kihesa Iringa: Kamwene. Yangu ni tofauti. Nilishika mimba baada ya miaka 9 ya ndoa, nikashindwa kujizuia, nikasema mapema. Mwezi wa tatu ikatoka. Wapo walioniambia "si unaona, ungenyamaza." Lakini wale waliopiga vigelegele siku ile ndio waliokuja kunichotea maji na kunikorogea uji wiki nzima, bila kuitwa. Ningeficha, ningelia peke yangu chumbani na wala nisingekuwa na wa kumweleza kwa nini nalia. Nikijaliwa tena, nitasema tena.

Makambako: Mimi nachagua. Kiwanja sisemi mpaka hati iwe mkononi. Mtoto akizaliwa namwambia hata konda.

Uyole (mwanzisha uzi): Dada wa Kihesa, pole sana. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu. Jumatatu binti anakwenda kuripoti kidato cha tano, kwa hiyo jana nikampigia shangazi mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ameagiza kuku asichinjwe mpaka afike.