Naomba ushauri: kumpendekeza mtetezi wa haki za binadamu kwenye tuzo ya kimataifa

Kurunzi: Heshima kwenu wakuu. Tuna mama mmoja anayetetea wanakijiji walionyang'anywa ardhi, na ameshatishiwa maisha. Tunataka apate tuzo ya kimataifa. Tuanzie wapi, na maombi ya namna hii huangukia wapi?

Mzee wa Hoja: Kabla ya fomu, mwulizeni mwenyewe. Tuzo inamweka mtu hadharani, na wanaomtisha nao wanasoma habari. Mwelezeni kama jina litatangazwa akiingia tu kwenye orodha fupi au akishinda, na kama kuna fedha, maana fedha za nje hugeuzwa haraka kuwa tuhuma ya kutumiwa na mabeberu. Akiwa gerezani, idhini ipitie kwa wakili au familia. Akikataa, acheni.

Binti Nuru: Chagueni tuzo inayomfaa, mkuu. Sakharov ya Bunge la Ulaya hampeleki nyinyi: inataka kundi la kisiasa la bunge hilo au wabunge wasiopungua 40. Right Livelihood, iliyoanza mwaka 1980, inapokea pendekezo la mtu yeyote, ila huwezi kujipendekeza. Kwa aliye hatarini kama huyo mama, angalieni ya shirika la Front Line Defenders, inayotolewa tangu 2005 kwa watetezi wa aina hiyo hasa.

Kurunzi: Asante sana dada. Na maelezo yenyewe?

Mzee wa Hoja: Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanaandika "shujaa, jasiri, hana woga" ukurasa mzima, na jopo halina cha kuhakiki. Andikeni tukio, tarehe, mahali, alichofanya, kilichobadilika. "Alikusanya ushahidi wa kaya kadhaa, akaufikisha mahakamani, amri ya kusimamisha ubomoaji ikatolewa" ina uzito kuliko sifa kumi. Vitisho viwe na aya yake: nani, lini, kwa njia gani, na kama viliripotiwa polisi. Tangulizeni kazi ya karibuni, historia ya utotoni ikae mistari miwili.

Binti Nuru: Wathibitishaji wawe wawili au watatu wanaoijua kazi yake kwa macho yao, na angalau mmoja asitoke kwenye shirika lake. Waarifuni mapema. Jopo likipiga simu na mtu akashangaa, pendekezo limekufa. Pia pitieni alichowahi kuandika mitandaoni, kwani chapisho moja la kuchochea vurugu linatosha kumwondoa, hata kama ni la zamani.

Fundi Faili: Niongeze usalama. Rasimu isizunguke kwenye makundi ya WhatsApp, tumieni programu ya ujumbe ya Signal na muwashe ujumbe wa kujifuta. Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa, kwa hiyo futeni taarifa hizo kabla ya kutuma. Majina ya mashahidi wa kijijini msiyaweke kabisa kwenye fomu, jopo likiyahitaji litaomba. Na tumeni siku chache kabla ya mwisho, kwa saa za nchi ya waandaaji, si za kwenu.