Kaa laini: kumtafuta mwenyewe mikokoni, kununua kwa vijana wa creek, ama kwa mfugaji?

Tudor4
Wadau salaam. Kaa laini, yaani yule alovua gamba sasa hivi, anakaangwa mzima na kuliwa na miguu yake yote, nyinyi mwampata wapi hapa Mombasa? Niko na njia tatu na zote zantatiza. Ya kwanza niingie mikokoni mwenyewe maji yakipwa. Ya pili ninunue kwa vijana wanaotoka na kaa huku creek ya Tudor. Ya tatu kuna jamaa Mtwapa afuga kwa masanduku ya plastiki, bei yake ni mara mbili ya kaa wa kawaida.

Na kabla hamjanicheka, wiki ilopita nlienda kwa huyo wa Mtwapa nikachukua sita, walahi walikuwa laini kama ndewe ya sikio, nikawatia ndoo na maji ya bahari ili wafike wazima, nikapitia Bamburi kumwamkia shangazi, shangazi naye hakuachii bila chai, halafu foleni ya daraja la Nyali mwaijua, kufika nyumbani ni masaa kama matano na gamba lishakuwa kama pakiti ya maziwa. Nikakaanga hivo hivo. Shemeji alotoka Nairobi akatafuna kwa adabu mpaka akashindwa, nikamwona akitoa kitu mdomoni akikificha kwenye tishu. Jamaa yuwaapa hakunitapeli. Nani mkweli hapa?

Bangla_Kwetu
Hakukutapeli, ni hiyo ndoo yako 😂

Kaa akivua gamba hulikaza jipya kwa chokaa, na chokaa nyingi aitoa kwenye maji ya bahari. Sasa wewe umemtia kwenye maji yayo hayo, umempa simiti ajenge nyumba njiani. Kaa laini hubebwa mkavu. Gunia bichi chini, kaa juu, gunia bichi tena, kivulini, na barafu pembeni isimguse. Akitoka majini kule kukaza kwasimama, hapo waweza kunywa chai na shangazi yako mpaka uchoke.

Kuhusu kuwinda mwenyewe, mimi nimekaa na kazi hiyo miaka upande wa Mikindani, nakwambia usijisumbue. Kaa mgumu humtoa shimoni kwa mti wenye kulabu, ama wamtegea chambo. Mwenye kutaka kuvua gamba ashaacha kula, haji kwenye chambo hata umtilie nini. Yuko ndani kabisa ya shimo ama chini ya mizizi ya mkoko, amejificha kwa sababu wenzake wakimkuta laini wamla yeye. Na ukimfikia kwa kulabu ushamtoboa. Laini nliopata mimi wote ni wa bahati, na wengi ni wale wa harusi.

Tudor4
Wa harusi vipi tena?

Bangla_Kwetu
Jike hupandwa pale anapovua gamba. Dume huwa ashamnusa kabla, humkumbatia siku kadhaa akimbeba chini ya tumbo, akivua tu ndo mambo yaishe, na bado humlinda mpaka akaze. Kwa hivyo ukikuta dume kubwa kambeba jike, huyo jike ni wa leo ama kesho. Kitambo nlikuwa nawachukua wote wawili. Siku hizi nawaacha, huyo jike ndo mwenye watoto wa mwaka kesho na kaa wenyewe wamepungua, sio kama enzi za wazee. Na jike alobeba mayai nje ya tumbo usimguse kabisa.

mamake_Zuu
Mwanangu Tudor4 pole na shemeji. Mimi nakaanga samaki Mji wa Kale mwaka wa ishirini huu, na nikuonye na hiyo njia ya pili. Hao vijana si wabaya lakini neno "laini" walitumia kwa kila kitu. Wakuletea kaa ukibonyeza gamba labonyea kidogo kama chupa ya maji, ati mama huyu laini. Huyo si laini, huyo ni kaa maji. Ashavua kitambo, gamba laanza kukaza na nyama bado haijajaa, ukimchemsha wapata maji na harufu. Hafai kukaanga mzima na hafai mchuzi. Shika mkononi, kaa mkubwa alokuwa mwepesi ujue ni mtupu.

Laini wa kweli hana ubishi. Ukimlaza kiganjani amwagika kama kitambaa, magando yananing'inia hata kukubana hawezi. Ndo maana watu wadhani amekufa. Mwangalie mdomoni, vile vidude vya mdomo vikicheza na kutoa povu basi mzima huyo. Visipocheza muache hapo hapo hata akupe bure. Kaa aliyekufa mimi sichukui, awe mgumu awe laini, huharibika upesi mno.

Mlezi_wa_Kisauni
Jamani mimi chuoni nlisomeshwa kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi kaa haliwi, kwa kuwa aishi majini na nchi kavu. Au mambo yamebadilika?

mamake_Zuu
Hayajabadilika mwalimu, nyumbani kwangu mume wangu hali. Lakini wateja wangu ni wa dini zote na madhehebu yote. Kila mtu amwulize shekhe wake, hapa twazungumza karai.

mpishi_wa_meli
Nimepika kwenye meli miaka mingi, na mahali nlipoona watu wamechukulia kaa laini kwa uzito ni Baltimore, Marekani, ghuba ya Chesapeake. Kule ni kaa wa aina nyengine, mdogo, ana magando ya buluu, si huyu wetu mkubwa wa tope. Na wao wana msimu, manake baridi ikija kaa hujizika topeni, akiamka Mei ndo waanza kuvua magamba, wazee wa kule watakwambia mwezi mpevu wa kwanza wa Mei. Sisi huku bahari ni moto mwaka mzima, kaa avua gamba mwezi wowote, ndo maana kwetu hakuna ule wazimu wa kungoja.

Kilichonishangaza ni macho yao. Mvuvi ashika kaa mgumu, atazama mguu wa nyuma, ule mpana wa kuogelea ulo kama kasia, kwenye kile kipande cha mwisho karibu na ukingo kuna kamstari. Kakiwa keupe abaki wiki mbili hivi kabla ya kuvua gamba. Kakiwa ka waridi ni wiki. Kakiwa kekundu ni siku moja mpaka tatu. Wawapanga kwenye mabeseni yenye maji yanayopita, kila rangi na beseni lake, na yale ya wekundu hukaguliwa usiku na mchana, kaa akitoka tu kwenye gamba la zamani (hutoka kinyumenyume, kama mtu avua koti linalombana) atolewa majini hapo hapo. Usiku wa manane kuna mtu na tochi. Bei mnayolalamikia hapa ni ya huyo mtu wa tochi.

Kwa hivyo jibu langu ni mfugaji, lakini mwulize maswali. Mara ya mwisho kukagua ilikuwa saa ngapi? Akisema "asubuhi" na wewe umefika alasiri, ondoka. Na angalia kama kaa wana miguu. Huko Asia, Myanmar na Thailand na Vietnam, ambako ndugu za kaa wetu huyu wa tope hufugwa kwa masanduku kila mmoja lake, kuna wanaomtoa magando na miguu akiwa mgumu ili avue gamba haraka. Yaota upya ndio, lakini mimi roho hainipi.

Tudor4
Wa Mtwapa walikuwa na miguu yote. Ahsante, saa ya kukagua sikuuliza kabisa. Na wale wa mahotelini ama wa friza?

Kasri_ya_Ng'ambo
Wa friza si wabaya ukiwa huna njia, kaa laini aganda vizuri kuliko mgumu, ila weka friji usiku kucha ayeyuke polepole, usimtie maji moto. Hotelini utalipia kitambaa cha meza. Na wa creek ya Tudor mimi siwataki sio kwa ajili ya ulaini, ni kwa ajili ya maji taka yanayoshuka mle kutoka mitaani. Kaa laini waliwa na kila kitu chake, si kama mgumu ambaye watoa nyama peke yake.

Bangla_Kwetu
Hapo kwa maji taka sina jibu, ni kweli. Watu wa huku wanalalamika miaka.

Tudor4
Na kupika? Nataka tui la nazi.

mamake_Zuu
Hapana!! Tui ni la kaa mgumu alojaa, yule mwenye gamba la kutoa ladha kwenye mchuzi. Laini ukimtia tui alegea yote, umetupa pesa. Huyu ni wa karai.

Chukua mkasi, kata uso wake wote, macho na mdomo, kipande kama upana wa kidole, hapo ndo amekufa, fanya haraka usimtese. Inua gamba ncha ya kulia, toa yale manyoya ya kijivu anayopumulia, halafu ncha ya kushoto vivyo hivyo, ni machungu na yana mchanga. Mpindue, ng'oa kile kikunjo cha tumbo. Osha upesi, kisha MKAUSHE kwa kitambaa, bonyeza kabisa, chini ya magando pia. Ndimu, saumu, chumvi, pilipili manga, robo saa tu. Unga wa ngano mkavu, upanguse ubaki wa kuonekana kwa mbali. Mafuta yawe moto, dakika tatu ama nne kila upande, anza na mgongo chini.

Kijana_wa_Sega
Mi nafanya na ule uji wa unga wa viazi karai, na manjano. Yuatoka fiti sana

mamake_Zuu
Hivo ni viazi karai bila viazi. Kaa yuko wapi hapo.

mpishi_wa_meli
Ongezea, simama mbali na karai. Yule ana maji ndani, alinyonya maji ili apasue gamba la zamani, yakipata moto yapasuka kama fataki.

Tudor4
Nimerudi. Jumamosi nimeenda Mtwapa saa kumi na mbili asubuhi, jamaa akanionyesha masanduku, kwenye moja kulikuwa na kaa wawili nikadhani kanidanganya, kumbe mmoja ni gamba tupu na macho yake yote, na mwenyewe amelala pembeni yake mweusi anang'aa kama amepakwa mafuta. Nimechukua wanne. Gunia bichi, hakuna ndoo, kwa shangazi sikupita (amenipigia simu, amekasirika).

Saa tatu na nusu wako kwenye karai, bado ni ndewe. Wa kwanza alipasuka akaninyunyizia mafuta kwenye kiwiko, mpishi uliniambia nami sikusikia, sehemu ya chini ya gando sikukausha. Hao watatu wametulia. Nimewatia kwenye mkate wa boflo na nyanya na ile pilipili ya ukwaju, miguu imetoka nje pande zote mbili, shemeji akaanza na mguu mdogo kwa wasiwasi, akasikiliza kama akikanyaga changarawe, hakusikia, akaendelea. Tishu alitumia kufuta mikono.

Bangla_Kwetu
Wanne, na mmekula watu wangapi?

Tudor4
Wawili.

mamake_Zuu
Mpelekee shangazi wawili Jumamosi ijayo kabla hajanipigia mimi simu.