Sprinti inaisha, kazi haziishi: turefushe, tuajiri, au tatizo liko kwingine?

Binti Makumbusho

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa waliowahi kuwa makocha wa timu za programu. Timu ninayoisimamia iko hapa Dar, inatengeneza mfumo wa kulipia ada za shule kwa simu. Ina madevelopa 5, wapimaji 2, mbunifu 1, na msimamizi wa bidhaa ambaye pia ndiye mkuu wa mauzo (hapo mwenyewe nahisi pana jambo). Sprinti (vipindi vifupi vya kazi) ni za wiki mbili, na vikao vyote vya skramu (utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi hivyo) vinafanyika bila kukosa.

Hali ilivyo: kikao cha asubuhi kinafika dakika 40, na kila anayezungumza anamtazama bosi, yaani huyo msimamizi wa bidhaa. Kwenye ubao wa Jira (programu ya kufuatilia kazi) kuna kazi 18 ambazo "zinaendelea" kwa wakati mmoja, na kwa wiki zinafungwa kama 6. Sprinti ikiisha, zaidi ya nusu ya kazi zinahamia inayofuata. Wapimaji wanaletewa kila kitu Jumatano ya wiki ya pili. Na katikati ya yote hayo bosi anaingia na "hii ni ya leo leo, mteja yuko kwenye simu."

Uongozi unataka sprinti ziwe za wiki nne. Madevelopa wanasema waongezwe watu wawili. Nianzie wapi?

---

Fundi Mtiririko

Usirefushe na usiajiri. Piga hesabu kwanza, namba umeshazitoa mwenyewe.

Kuna kanuni ya Little, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: chukua wastani wa kazi zilizo mkononi, gawanya kwa wastani wa zinazokamilika kwa wiki, utapata wastani wa muda ambao kazi moja inakaa ndani. Kwenu ni 18 kwa 6, yaani wiki 3. Sprinti ni wiki 2. Maana yake kazi ya kawaida ikianza Jumatatu ya kwanza inakamilika kwenye sprinti ya pili, hata kama hakuna mtu aliyezembea. Punguza zilizo mkononi zifike 8, na kasi ikibaki ileile 6, unapata wiki 1 na theluthi, karibu siku 7 za kazi. Hapo sprinti ya wiki mbili inatosha na nafasi inabaki.

Kabla hujaamini hesabu hiyo, safisha ubao. Tiketi (kadi ya kazi moja ubaoni) ambayo haijaguswa wiki tatu irudishwe kwenye orodha au ifutwe, la sivyo namba itakudanganya. Kanuni inafanya kazi pale ambapo zinazoingia na zinazotoka zinakaribia kulingana. Ubao unaoongezeka kila wiki hauna wastani wa maana.

Kisha weka kikomo kwa kila safu: kuandika msimbo 4, kukagua 2, kupima 2. Safu ikijaa, hakuna anayevuta kazi mpya. Developa aliyemaliza anasogea kulia: anakagua msimbo wa mwenzake au anasaidia kupima. Wiki ya kwanza utasikia "mimi nikae bure?" Ndiyo, akae bure nusu saa kuliko kuanzisha kazi ya 9. Foleni ya Mwenge haipungui kwa kuongeza magari.

Tahadhari mbili. Watu wataficha kazi: tiketi inarudishwa "haijaanza" huku mtu anaendelea nayo kwenye kompyuta yake. Utaigundua ukiona matawi ya msimbo (nakala za pembeni ambazo developa anafanyia kazi) yasiyo na tiketi kwenye ubao. Pili, mtu atakuomba safu ya "imezuiwa". Ukikubali, iwe ndani ya kikomo, la sivyo inageuka stoo.

Kuhusu kuajiri, Fred Brooks alishaandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa sababu wenyeji wanaacha kazi ili wafundishe wageni, na mawasiliano yanaongezeka. Wenu una wapimaji 2 ambao tayari wamezidiwa. Developa wa 6 na wa 7 watawaletea wapimaji walewale mzigo zaidi.

---

testa mbishi

Naunga mkono, ila kikomo peke yake hakitaponya kama tiketi zenyewe ni majabali. Dada, fungua ubao uangalie: nina hakika ipo moja imeandikwa "Malipo kwa simu". Huo ni mradi.

Kosa linalorudiwa ni kuikata kwa matabaka: tiketi ya kanzidata, tiketi ya seva, tiketi ya skrini. Ukikata hivyo mpimaji hana cha kushika mpaka zote tatu zikutane, na zinakutana Jumatano ya wiki ya pili. Kata kwa kumfuata mzazi anayelipa.

Kipande cha kwanza: mzazi anapata namba ya kumbukumbu ya malipo, analipa ada kamili kupitia mtandao mmoja tu wa simu, salio la mwanafunzi linabadilika. Hakuna SMS, hakuna risiti. Kidogo, lakini kinapimika mwanzo hadi mwisho.

Kipande cha pili ni taarifa ya malipo kuja mara mbili. Upande wa pili (mtandao wa simu) usipopata jibu lako kwa wakati unaweza kutuma tena, na mfumo usio na kinga unahesabu ada mara mbili. Namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia kwenye kanzidata yenyewe (kuangalia ndani ya msimbo tu hakutoshi, taarifa mbili zinaweza kufika kwa pamoja), na ya pili ijibiwe "imepokelewa" bila kugusa salio. Cha tatu, taarifa isiyokuja kabisa: mfumo uulize wenyewe hali ya muamala, na mzazi aone "inasubiri uthibitisho". Ukimwandikia "imeshindikana" wakati pesa imeshakatwa, atalipa tena, na asubuhi yuko mlangoni kwa mhasibu wa shule. Cha nne, malipo pungufu na ya ziada. Cha tano, kulinganisha kila siku miamala yenu na taarifa ya mtoa huduma. SMS ije mwisho kabisa, na mwandishi wake akumbuke ujumbe mmoja ni herufi 160. Akichomeka emoji moja unashuka hadi 70, na gharama inapanda.

Kila kipande kichukue siku 1 hadi 3, kupima kukiwemo. Kikizidi hapo kikatwe tena.

Mpimaji asisubiri msimbo. Kabla ya kuanza kipande, msimamizi wa bidhaa, developa na mpimaji wakae dakika 15 waandike mifano kwa namba: ada 350,000, amelipa 200,000, salio lisomeke 150,000; amelipa 400,000, ile 50,000 inakwenda wapi? Swali hilo la mwisho ndilo huwa linafufuka siku ya Jumatano, na hakuna mwenye jibu.

Halafu bandikeni ukutani maana ya "imekamilika": msimbo umekaguliwa na mtu mwingine, majaribio ya kiotomatiki yanapita, uko kwenye seva ya majaribio, mifano yote imepimwa. "Imebaki kupimwa tu" inahesabiwa sifuri.

---

Mzee wa Posta

Nyote mmesema vizuri, lakini mnazungumza kama vile timu ndiyo inayoamua. Tatizo la nusu ya timu za mji huu ni mkataba. Kampuni imeshinda zabuni, mahitaji yameorodheshwa kurasa 80, bei moja, tarehe moja, malipo asilimia 40 ukikabidhi vyote. Ndani ya mkataba huo utafanya skramu ya nini? Ni ratiba ileile ya zamani, imevalishwa sprinti.

Ilani ya ajaili (mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo, ambao skramu ni mmojawapo wa taratibu zake), ile ya watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, inasema kushirikiana na mteja kuna thamani kuliko kujadiliana mkataba. Haikusema mkataba utupwe. Basi urekebisheni. Vipengele vitatu ambavyo hata mteja mwenye sheria kali za manunuzi anaweza kuvikubali: malipo yafungwe kwenye sehemu inayofanya kazi (mfano shule moja imelipisha muhula mzima), si kwenye nyaraka, mteja aruhusiwe kubadilisha hitaji lisiloanza kwa jingine la ukubwa uleule bila bei kubadilika, na mteja akikabidhiwa kipande awe na siku 5 za kazi kukikagua, akikaa kimya zaidi ya hapo, siku zinaongezwa kwenye tarehe ya mwisho. Kipengele cha tatu ndicho chenye kelele wakati wa kusaini, na ndicho kinachookoa.

Na wiki nne nakataa pia. Kanuni ya tatu kati ya zile 12 za ilani inapendelea muda mfupi. Sprinti ndefu inawapa wiki mbili zaidi kabla hamjagundua kwamba mmechelewa.

---

Binti Makumbusho

Asanteni sana. Mzee, mkataba wetu ni wa ndani, kwa hiyo hapo tumepona. Tiketi nimeikuta, na kweli imeandikwa "Malipo kwa simu" 😅

Maswali mawili. Kwenye kikao cha kujitathmini kila mtu anasema "kila kitu kiko sawa", kisha wanalalamika WhatsApp. Na bosi sasa anataka kila developa awe na idadi ya pointi kwa sprinti, ziingie kwenye tathmini ya mwaka.

---

Kocha wa Mikocheni

Dada, hilo la ukimya ndilo kazi yako hasa, mengine hata Fundi anaweza kuyafanya kwa Excel.

Kijana wa mwaka wa kwanza kazini hawezi kumkosoa mbele ya watu mtu ambaye asubuhi amempa shikamoo. Usimlaumu, badilisha kikao. Anza kwa dakika 5 za ukimya, kila mtu aandike karatasi zake kwa herufi kubwa, mwandiko usijulikane. Zikusanye, zichanganye, zisome wewe. Kisha wapige kura kwa nukta, kila mtu nukta 3, mjadili zile mbili za juu tu. Mwongozo wa skramu unatoa saa 3 zisizovukwa kwa sprinti ya mwezi, hivyo kwenu saa moja na nusu ni nyingi tayari. Litoke jambo moja, lenye jina la mtu, liingie kwenye ubao kama tiketi ndani ya kikomo. Mkitoka na mambo saba hakuna litakalofanyika, na safari ya tatu hata karatasi hawataandika.

Bosi awepo? Msimamizi wa bidhaa ni sehemu ya timu ya skramu, kwa hiyo kwa kanuni ana haki ya kuwepo. Kwa vile huyu wa kwenu ndiye pia anayewapandisha watu cheo, mwombe akae nje vikao vichache vya mwanzo, na umpelekee yaliyoamuliwa bila majina. Mwombe faragha, kamwe usimwombe mbele ya timu.

Kikao cha asubuhi: yale maswali matatu ya "jana, leo, kikwazo" yaliondolewa kwenye mwongozo wa skramu wa 2020, na hayana faida kwenu kwa sababu yanazalisha ripoti. Simameni mbele ya ubao muanze na kazi zilizo karibu kukamilika, mkirudi nyuma: hii inahitaji nini ili itoke leo? Kazi ndiyo inayozungumziwa, mtu haitwi kwa zamu. Dakika 15, kisha wenye la ziada wabaki. Iwe saa tatu na nusu, si saa mbili. Wa Mbagala na Tegeta wanafika wakiwa wamepumua. Na wewe usisimame katikati. Ukiona wanakutazama wewe badala ya bosi, umebadilisha bosi tu.

Pointi kwenye tathmini ya mwaka: kataa kwa hoja, siyo kwa hasira. Pointi ni makadirio ya timu ya ukubwa wa kazi. Siku pointi zikigeuka mshahara, kazi ya pointi 3 itakuwa ya 8 kufikia mwezi ujao, na hakuna atakayeacha zake ili akague msimbo wa mwenzake, maana kukagua hakuna pointi. Mpe bosi namba nyingine mbili: kazi inakaa siku ngapi tangu ianze hadi ikamilike, na hitilafu ngapi zimefika kwa shule. Zote za timu. Mkiendelea kukadiria, tumieni karata zinazofunuliwa kwa pamoja, njia aliyoieleza James Grenning mwaka 2002, ili kijana asisubiri kusikia namba ya mkubwa kisha airudie.

Badilisha jambo moja kwa sprinti. Ukileta kikomo, karata, karatasi na ubao mpya Jumatatu moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Kwa hali uliyoieleza, ningeanza na kikomo.

---

Fundi Mtiririko

Naongezea ile ya "leo leo", maana hakuna aliyeijibu. Usimkatalie bosi. Mpe njia moja ya haraka juu ya ubao, yenye nafasi ya kazi 1. Ikiwa na kazi, ya pili inasubiri, au bosi mwenyewe achague ipi itoke. Kila inayopita hapo iandikwe: imeletwa na nani, imekula saa ngapi, tarehe ambayo kweli ilihitajika.

Kisha panga kwa hesabu hiyo. Madevelopa 5 kwa siku 10, kila mmoja saa 5 halisi za kazi (vikao, simu na umeme kukatika vimeshatolewa), ni saa 250. Za haraka zikionekana kula saa 70 kwa sprinti, mnapanga kazi za saa 180. Uongozi utaona mmepunguza. Waonyeshe orodha. Mara nyingi robo ya zile za "leo leo" utakuta mteja alizihitaji mwisho wa mwezi.

Na njia hiyo ikikaa tupu, msivute kazi ya kawaida kuijaza. Developa mwenye nafasi aende kwa testa.