Mama anataka jina lake litajwe TASAF, kaka anasema ni aibu. Naombeni ushauri

Mvuna_Zabibu
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kwetu ni wilaya ya Chamwino, Dodoma. Baba alishatangulia mbele za haki. Mama ana miaka sitini na kitu, anaishi na wajukuu watatu walioachwa na marehemu dada yangu. Wawili wako shule ya msingi, mdogo bado anapelekwa kliniki. Mama analima mtama na alizeti, na mvua ikikataa hana kitu mpaka tumtumie. Wa kumtumia tuko wawili tu: mimi kibarua kwenye mashamba ya zabibu, kaka yangu anaendesha bodaboda mjini na ana familia yake. Tunatuma tukipata. Kuna miezi hatupati.

Sasa kijijini umetangazwa mkutano wa kuibua, yaani kuchagua, kaya za kuingia kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) unaozipa kaya hizo ruzuku ya fedha. Mama anataka ajitokeze, kaka amekasirika. Anasema jina la mama likisomwa mbele ya kijiji kizima, itaonekana wanawe wa kiume tumemtupa. Tena anasema kulisha watu si kazi ya serikali. Ilete mbegu na barabara, mengine kila mtu apambane, maana fedha ya bure inalemaza.

Hoja ya aibu naielewa. Hii ya pili sijui nimjibu nini, na sitaki mama azibe nafasi ya mwenye shida zaidi. Nimuunge mkono mama au nimsikilize kaka?

Jembe_Halimtupi
Niko na kaka yako. Sehemu kubwa ya fedha za mpango huo imetokana na mikopo ya Benki ya Dunia, na mkopo watakuja kuulipa hao hao wajukuu. Tatizo la Dodoma ni maji. Fedha hizo zingechimba mabwawa, mama yako angelima hata kiangazi na asingehitaji ruzuku ya mtu.

Mwezeshaji_Mstaafu
Mvuna_Zabibu, nimefanya kazi ya uwezeshaji vijijini, ngoja nikueleze taratibu.

Wa kuamua nani aingie ni mkutano wa kijiji. Wanakijiji wenyewe wanakubaliana kwanza umaskini kwao una sura gani: nani analala bila kula, nani hana nguvukazi, nani anasomesha yatima. Ndipo majina yanatajwa. Kisha kila kaya inajazwa dodoso la hali ya maisha, taarifa zinachakatwa, na orodha inarudishwa mkutanoni watu waithibitishe. Kwa hiyo hofu ya mama kumziba mwenzake wanaiondoa majirani, na hao wanajua kila nyumba ina nini jikoni.

Kuhusu kulemaza, jibu liko wilayani kwenu. Kabla mpango haujaenda nchi nzima ulijaribiwa kuanzia 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichukuliwa vijiji 80, nusu vikaanza kupokea fedha na nusu vikasubiri, kisha wakalinganishwa. Waliopokea hawakuacha kulima. Walinunua mbuzi na kuku, wakajiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wao wengi zaidi walikuwa na viatu. Mtu aliyelemazwa hanunui mbuzi.

Kumbuka pia ruzuku ile ina masharti. Mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mdogo afikishwe kliniki. Kaya zenye mtu wa kufanya kazi hupewa ajira za muda: malambo, barabara za kijiji, upandaji miti, hasa miezi ambayo ghala ni tupu. Ndugu Jembe, malambo unayoyataka mengine yamechimbwa na walengwa hao hao, yaani wanaopokea ruzuku.

Jembe_Halimtupi
Hilo la malambo nalipokea. Lakini orodha zimewahi kukutwa na kaya hewa, yaani majina ya kaya zisizokuwepo, mpaka ukafanyika uhakiki nchi nzima. Mwenye shida anakosa, asiyestahili anakula. Hilo utalitetea?

Mwezeshaji_Mstaafu
Silitetei. Ndiyo maana nasisitiza watu wajae kwenye mkutano. Pakiwa na watu ishirini tu, orodha inaandikwa na wachache. Ila dawa ya kaya hewa ni kuziondoa. Bibi wa Chamwino hakuzitengeneza yeye.

Bi_Mkunazini
Huku kwetu Unguja na Pemba tuna Pensheni Jamii tangu 2016. Ukifika miaka 70 unapata, uwe maskini uwe tajiri. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna wa kunyooshewa kidole kwa sababu wazee wote wanapokea. Mimi nadhani aibu ya kaka yako inatoka kwenye huko kuchaguliwa hadharani. Bara mngekuwa na ya wazee wote, maneno haya yasingekuwepo.

Dada_wa_Likoni
Hata Kenya wazee wa miaka 70 kwenda juu wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Nyinyi katiba yenu inasemaje?

Mwezeshaji_Mstaafu
Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kupata msaada wakati wa uzee, maradhi, ulemavu na hali nyingine za mtu kutojiweza. Ukweli ni kwamba ibara ya 7 inazuia mahakama kuyasimamia mambo ya sehemu hiyo, kwa hiyo huwezi kwenda kushtaki. Lakini ni wajibu ulioandikwa, haukuja na wafadhili.

Binti_wa_Mlengwa
Mvuna_Zabibu, mama yangu alikuwa mlengwa. Nilimaliza kidato cha nne, sasa ni mwalimu wa awali. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, haikututoa kwenye umaskini. Kazi yake ilikuwa kwamba siku ya malipo inajulikana, kwa hiyo muuza duka alikubali kutukopesha unga, na mama hakuuza tena debe la mtama kwa bei ya kutupwa wakati wa mavuno. Ya wajomba ilikuwa inakuja wakiwa nayo. Walitupenda sana, lakini nao hawakuwa na kitu. Kaka yako anabeba mzigo ambao hata angekuwa na moyo wa dhahabu usingemtosha. Mwambie hivyo kwa upole.

Mvuna_Zabibu
Asanteni sana. Dada, hilo la siku inayojulikana nitamwambia kaka leo hii hii. Nimeamua kumsindikiza mama mkutanoni. Swali la mwisho: dodoso likiuliza kama watoto wanamtumia fedha, akisema ndiyo si atakatwa?

Mwezeshaji_Mstaafu
Aseme ukweli wote: mnatuma, na kuna miezi hamtumi. Akificha, jirani atasimama siku ya kuthibitisha orodha. Aandae kadi ya kliniki ya mdogo na majina ya shule za wale wawili, kama wana vyeti vya kuzaliwa aviweke pamoja. Na jina la mpokeaji liwe lake mwenyewe, lisiandikwe la mwanaume yeyote wa ukoo.