Robotech: Carl Macek aliiua Macross au aliiokoa?

Chuma Chakavu
Wakuu, salaam. Nimeangalia Macross, katuni ya Kijapani ya 1982 ya vita vya maroboti, nikaifuatisha na Robotech ya Wamarekani ya 1985, na damu inanichemka. Mtayarishaji Carl Macek na wenzake wa kampuni ya Harmony Gold walichukua Macross, wakachukua Southern Cross, wakachukua Mospeada, hadithi tatu zisizojuana hata kwa salamu, wakazishona wakadai ni vizazi vitatu vya vita moja. Kule Japani Protoculture ni watu wa kale waliotutangulia angani. Macek kawageuza mafuta ya kuendeshea maroboti! Swali langu ni moja tu: alikuwa na haki? Naomba hoja, matusi pelekeni kwingine.

Baba Zawadi
Mleta mada, biashara ya runinga ya kule huijui. Kipindi cha kurushwa Jumatatu hadi Ijumaa kilitakiwa kiwe na episodi 65, yaani wiki 13 bila kurudia. Macross inazo 36. Ulitaka amwambie mwenye kituo asubiri Wajapani watunge nyingine 29?

Chuma Chakavu
"Huijui." Haya, mjuaji kafika.

Mpwa wa Ngamiani
Biashara si ruhusa ya kuharibu. Kama ni hivyo basi tuisifu na Battle of the Planets ya 1978. Walichukua Gatchaman, katuni ya Kijapani, wakanyofoa mapigano na damu, mapengo yakabaki. Kuyaziba wakachora kiroboti, 7-Zark-7, kinakaa chini ya bahari na mbwa wake wa chuma, kazi yake kutuambia kwamba mji unaoungua pale watu wake walishahamishwa. Kila mji! Watu wanahama upesi kuliko machinga walioona mgambo.

Baba Zawadi
😂 Hapo kwa Zark sina la kujibu. Ila mwenye Zark ni mtayarishaji mwingine, Sandy Frank, siyo Macek.

Bint Kisauni
Mnachanganya mafaili. Tofauti ya Macek ni kwamba vifo aliviacha. Roy Fokker, rubani wa Macross, anarudi kutoka vitani, anakaa kwenye sofa kwa mpenzi wake Claudia, anapiga gitaa huku akisubiri saladi ya nanasi. Claudia yuko jikoni. Gitaa linanyamaza. Anageuka, mtu yuko chini, mgongoni damu. Hicho ni kipindi cha watoto, Marekani, 1985!
Mwaka mmoja nyuma Wamarekani wa Voltron hawakuthubutu. Kwenye GoLion, katuni ya Kijapani walikoitoa, Takashi anauawa kabisa. Wao wakamwita Sven, wakasema kajeruhiwa, kapelekwa hospitali sayari nyingine. Mbele ya safari ndugu wa huyo Takashi akatokea, sura ileile, wakaona bahati hiyo: jamani, Sven huyo karudi.

Fundi Redio
Sasa mnashangaa nini? Sisi si tumelelewa hivyohivyo? Lufufu alitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili Bongo, DJ Afro anawasimulia Wakenya. Nusu ya maneno yale kwenye filamu hayamo.

Mpwa wa Ngamiani
Lufufu umwache! Mzee alisimulia juu ya picha, picha yenyewe hakuigusa, na sauti za wenyewe ukitega sikio unazisikia kwa chini. Macek alifuta sauti, akaweka muziki wake, shujaa Hikaru Ichijo akamwita Rick Hunter. Unamfananishaje mtu na kipaza sauti chake na kampuni yenye mkasi?

Jirani wa Kawangware
Anayesema DJ Afro anadanganya aje huku aseme akiwa amesimama. Kibandani tulilipa kumsikia yeye. Yule shujaa kwenye kioo hatukujua hata anaitwaje.

Fundi Redio
Sikusema anadanganya. Nimesema anaongeza. Soma kwanza ndugu yangu, ndiyo ushike panga.

Jirani wa Kawangware
Nimesoma. Umeandika "nusu". Hiyo nusu uliihesabu na nani?

Mzee wa Kanda
Wengi humu mmezaliwa DVD imeshafika. Kaeni chini. Mkanda ulikuwa umeshadurufiwa mpaka rangi zimekimbia, Kiingereza hakieleweki, Kichina ndiyo kabisa. Bila msimuliaji ukumbi mzima ungelala. Na hao watoto wa Marekani Kijapani wangekisikia wapi? Acheni Macek wa watu alale pema.

Chuma Chakavu
Wakuu, mada tafadhali. Na mnaomtetea mniambie: Harmony Gold waliikalia Macross miaka na miaka, kazi zake za baadaye zikakwama kutoka nje ya Japani mpaka walipopatana na Big West, kampuni ya Kijapani yenye haki za Macross, mwaka 2021. Nayo ni kwa sababu ya episodi 65?

Baba Zawadi
Macek alifariki 2010. Kesi za mawakili unamtwisha marehemu? Mtu huyohuyo na mwenzake Jerry Beck ndio walioanzisha Streamline Pictures 1988, na Akira, filamu ya katuni ya Kijapani, ilisambazwa Marekani na kampuni hiyo. Muuaji wa anime, yaani katuni za Kijapani, gani huyo anayewafungulia wenzake mlango?

Chuma Chakavu
Akira siyo mada.

Fundi Redio
Ulipoleta mawakili wa 2021 ilikuwa mada 😂

Chuma Chakavu
Wewe uliyeingiza vibanda vya video humu ndiye wa kunifundisha mada? Nenda kauze betri.

Bint Kisauni
Mwenye uzi alikataza matusi, huyo huyo kaanza.

Mgeni Mpya
Samahanini wakubwa, naulizia hesabu. Macross 36, Southern Cross 23, Mospeada 25. Jumla 84. Mbona Robotech inaandikwa 85?

Bint Kisauni
Ni ile ya 37, mdogo wangu. Kwa Wajapani haipo. Waliokota vipande vya Macross na vya Southern Cross wakaunga episodi mpya, msichana Dana ndiye daraja, ili mtazamaji avuke kutoka vita ya kwanza kwenda ya pili asijikwae. Wakamfanya mtoto wa Max na Miriya, wale wa Macross. Kwa Wajapani anaitwa Jeanne, na hao wawili hawamhusu ndewe wala sikio.

Mpwa wa Ngamiani
Yaani wamemzulia binti wa watu wazazi. Halafu mnaniambia Lufufu.

Baba Zawadi
Na mshono ule ukakubalika. Niliiangalia yote nikijua ni hadithi moja, na Dana nilimpenda kwa sababu nilishawajua wazazi wake. Mkitaka mniite mshamba.

Mpwa wa Ngamiani
Mshamba.

Jirani wa Kawangware
Mambo ya Dana nimeyaelewa, asante dada. Fundi, bado nasubiri ile nusu.